Nani Aliyeulizwa? Riwaya Tano za Mauaji Zilivyosomwa Nakuru

Riwaya ya upelelezi huuzwa kwa ahadi moja: kwamba mtu ameuawa, kwamba aliyemuua yumo miongoni mwa wahusika tutakaokutana nao kurasani, na kwamba msomaji makini anaweza kumtambua kabla mpelelezi hajamtaja. Kwa ahadi hiyo ninazipima riwaya tano ambazo sisi wasomaji wachache wa Nakuru tumekuwa tukipokezana, nazo ni Death in Kenya ya M. M. Kaye, Murder on Safari ya Elspeth Huxley, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi. Muuaji sitamtaja popote, kwa hiyo anayekusudia kuzisoma asome tahakiki hii bila wasiwasi.

Kikundi chetu hakina jina wala ada. Yumo karani mstaafu wa mahakama, yumo muuguzi aliyezaliwa Naivasha, yumo mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, na yumo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton ambaye hutoka Njoro kwa matatu kila tunapokutana. Hatukuanza na kipimo chochote. Kipimo kilijitokeza tulipokuwa tukiijadili riwaya ya Kaye, pale muuguzi alipotukatiza akauliza, "Na mpishi je, yeye aliulizwa nini?" Tulifungua vitabu tukatafuta. Tangu hapo swali hilo tumelipeleka katika kila riwaya, na nimeridhika kwamba linafichua ubora na udhaifu wa riwaya ya mauaji kuliko lile swali la kawaida la nani aliyeua. Mwandishi anayejua kumhoji shahidi wake kwa kawaida hujua pia kumtendea haki msomaji wake.

Nianze na Kaye, kwa kuwa kitabu chake ndicho kilichozua mjadala mrefu zaidi. Mwandishi huyu alizaliwa Simla, India, mwaka 1908, akaolewa na afisa wa jeshi la Uingereza ambaye kikosi chake kilitumwa Kenya wakati wa hali ya hatari, na riwaya hii iliyotoka mwaka 1958 inatokana na nchi aliyoiona kwa macho yake. Mandhari yake ni shamba la walowezi liitwalo Flamingo, kando ya Ziwa Naivasha, yaani ndani ya kaunti yetu hii hii. Mwenye nyumba ni bibi mzee wa Kiingereza aliyeishi hapo miaka mingi. Vitu vya thamani vinaanza kuvunjwa ndani ya nyumba bila mtu kujua ni nani anayevivunja, kisha mke wa mjukuu wake anauawa, na tuhuma za kwanza zinawaangukia waliobaki wa Mau Mau pamoja na watumishi wanaodhaniwa kuwa waliwalia kiapo. Baadaye ndipo wale waliokaa varandani wakinywa jini wanapoanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa ufundi wa kutia hofu, Kaye ni hodari sana. Anayaandika machweo ya Naivasha, sauti ya ndege wa ziwani na giza linaloingia kwa ghafla kiasi kwamba mwanafunzi wetu, ambaye amelala kando ya ziwa hilo mara nyingi, alikiri kwamba hakuizima taa usiku ule. Nyumba kubwa yenye vyumba vingi, watu wachache wasioaminiana, barabara mbovu na polisi walio mbali ni viungo vya kale vya riwaya za namna hii, naye anavipika kwa kiasi kinachofaa. Mapenzi yamewekwa mengi kuliko yanavyohitajika, lakini hilo ni suala la ladha ya msomaji.

Tatizo linaanza pale tunapouliza nani alijua nini. Katika nyumba ya mlowezi, mtu aliyejua ni kitanda kipi hakikulaliwa, ni viatu vipi vililetwa jikoni vikiwa na matope na ni chupa gani ilipungua usiku, alikuwa mtumishi. Bibi yake muuguzi alifanya kazi katika jiko la aina hiyo upande wa Naivasha, na kwa maelezo ya mjukuu wake, angeweza kukueleza ugomvi wa mume na mke wa nyumba ile kwa kuangalia tu sahani zilizorudi zikiwa na chakula. Katika riwaya hii, watumishi wanazungumzwa sana kuliko wanavyozungumza. Wanashukiwa kwa jumla na wanahurumiwa kwa jumla, na wengi wao hawana akili ya peke yao wala jambo lao binafsi la kuficha, ilhali kila Mzungu katika kitabu ana siri yake. Simlaumu Kaye kwa kuyaandika maneno ya walowezi kama walivyoyasema, maana huo nao ni ushahidi wa zama zake. Ninamlaumu kama fundi wa fumbo: ameijaza nyumba mashahidi, halafu amewaacha wamesimama ukutani na sinia mikononi.

Karani wetu hakukubaliana nami, na hoja yake nairipoti kwa sababu ina uzito. Alisema kwamba hata mahakama za wakati ule ziliendeshwa vivyo hivyo, na kwamba riwaya haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa bora kuliko zama zake. Akatukumbusha kesi ya Lord Erroll, aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi mwezi Januari 1941, na ambaye alikuwa na jumba lake pale Naivasha. Mshtakiwa, Sir Jock Delves Broughton, aliachiliwa huru mwezi Julai mwaka huo baada ya wakili wake kuudhoofisha ushahidi kuhusu bastola na risasi, na mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. "Huko watu walizungumzia mifereji ya ndani ya mtutu wa bastola siku nzima," alisema, "na nyumba imejaa watu waliokesha macho." Muuguzi akamjibu, "Mzee, hapo umenisaidia mimi, hukujisaidia wewe." Ninaona kwamba alimshinda.

Murder on Safari ni ya zamani zaidi, kwani ilitoka mwaka 1938, lakini kwa mpangilio wa fumbo imeizidi ile ya Kaye kwa mbali. Elspeth Huxley alikulia Kenya, na mama yake aliendelea kulima Njoro kwa miaka mingi, jambo lililomfanya mwanafunzi wetu akisome kitabu hiki kana kwamba kimeandikwa na jirani yake. Nchi ameibadilisha jina, akaiita Chania, lakini hakuna Mkenya atakayepotea humo. Msafara wa matajiri umepiga kambi porini, vito vya bibi mmoja wa ukoo wa kilodi vinaibwa, na mpelelezi Vachell, ambaye asili yake ni Kanada, anaingia kambini akijifanya mwindaji wa kulipwa ili awachunguze wageni bila wao kujua. Haujapita muda mrefu kabla wizi haujageuka mauaji.

Vachell hajui kuwinda, na hapo ndipo kitabu kinapopata ucheshi wake. Ni mpelelezi anayelazimika kuogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba muuaji atamtambua, na kwamba nyati atamtambua. Huxley anaijua pori, anajua namna msafara unavyopangwa, nani hubeba bunduki ya nani, na nani huamka kwanza kuwasha moto, na elimu hiyo haikuwekwa kama pambo la watalii, bali imeingia ndani ya fumbo lenyewe. Msomaji asiyezingatia mambo ya kambini atapitwa na dalili.

Lakini kinachonifanya niipendekeze riwaya hii kwa moyo mkunjufu ni uaminifu wake. Mwishoni, Vachell anapoeleza jinsi alivyofikia hitimisho lake, mwandishi ameweka tanbihi zinazomrudisha msomaji kwenye kurasa ambamo kila dalili ilipandwa. Huo ulikuwa mtindo wa waandishi wachache wa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, wakati ambapo riwaya ya mauaji ilihesabiwa kuwa mchezo wenye sheria, hata padri mmoja mwandishi, Ronald Knox, akatunga amri kumi za mchezo huo mwaka 1929, mojawapo ikimkataza mpelelezi kupata jibu kwa bahati tu. Tulizifuata tanbihi za Huxley moja baada ya nyingine, nasi tulizikuta dalili zote zikiwa mahali pake, zimekaa wazi kabisa, tumezipita kwa macho yetu wenyewe. Karani alifurahi kupita kiasi. Alisema laiti kila mwendesha mashtaka angeandika hivyo, mafaili yasingekuwa yakirudishwa.

Je, wapagazi na wafuata nyayo waliulizwa? Zaidi kidogo kuliko katika riwaya ya Kaye. Ujuzi wao unathaminiwa kwa sababu bila wao mwindaji bandia hawezi kwenda hatua kumi, ila mtazamo wa mwandishi kwao bado ni wa mtu aliyeketi juu ya kiti cha turubai. Yapo maneno ambayo msomaji wa leo atayasoma akiwa amekunja uso. Nayasema haya kusudi mtu asinunue kwa sifa zangu kisha akadhani nilimficha.

Sasa nafika kwa Muhammed Said Abdulla, na hapa nitakaa. Mwandishi huyu alizaliwa Unguja mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa alishiriki kulihariri gazeti la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na ndiyo iliyomleta duniani Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko ambaye angerudi katika riwaya kadhaa zilizofuata, zikiwemo Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Anaandamana na Najum, rafiki ambaye kazi yake ni kustaajabu kwa niaba yetu, na mara nyingi hukutana na Spekta Seif wa polisi, ambaye si mjinga hata kidogo ila amefungwa na utaratibu. Kwamba Abdulla aliwasoma vizuri akina Sherlock Holmes halihitaji ushahidi. Kiko peke yake kinatosha kumshtaki.

Ila huyu si Holmes aliyevishwa kanzu. Tajiri mwenye mashamba amekutwa amekufa mahali pa mzimu, penye kuogopwa na watu, na jibu jepesi liko tayari midomoni mwa kila mtu, kwamba mizimu imekasirika. Bwana Msa hawacheki wanaoamini hivyo. Anawasikiliza mpaka mwisho, anauliza nani alikuwa wa kwanza kusema neno hilo, kisha anataka kujua mtu huyo ana uhusiano gani na marehemu. Mwalimu wetu alilieleza vizuri jambo hili: Holmes huangalia majivu ya sigara na matope ya viatu, ilhali Bwana Msa huangalia nasaba. Kwake yeye kisa cha mauaji ni mti wa ukoo ambao tawi lake moja limefichwa. Nani alimwoa nani, nani aliachwa, mtoto gani alilelewa mahali asipozaliwa, nani angerithi nini, hayo ndiyo matone yake ya damu. Na mambo hayo hayapatikani kwa darubini. Yanapatikana kwa kuketi barazani, kunywa kahawa, na kumwacha mzungumzaji azunguke anavyotaka mpaka aligonge neno ambalo hakukusudia kulisema.

Kwa hiyo swali letu la nani aliyeulizwa linapata hapa jibu ambalo halikupatikana penginepo. Wazee, wanawake wa ndani na watu wa shambani ndio walioshika ufunguo, na mwandishi anawapa nafasi ya kusema kwa sauti zao, kwa mafumbo yao, kwa kujivuta na kujisahihisha. Mazungumzo ya Abdulla ndiyo utajiri wake mkubwa. Mtu anaweza kukataa kusema kwa kusema sana, mwingine anajibu swali kwa methali ili asikamatwe na jibu, na msomaji anayejua adabu za mazungumzo ya Kiswahili ana faida kubwa katika kumtafuta muuaji, kwa sababu dalili zimepandwa ndani ya adabu hizo hizo. Mtu akiruka salamu, au akimwita mwenzake kwa jina la heshima asilostahili kupewa, zingatia.

Tuliosoma Nakuru tulipata taabu, na sitaificha. Kiswahili chetu cha bara, kilicholelewa sokoni na katika stendi ya matatu, hakina maneno mengi ya mavazi, ya nyumba na ya jamaa ambayo Abdulla anayatumia kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mwanafunzi wetu aliisoma akiwa na kamusi kando na akakiri kwamba sura za mwanzo zilimchosha. Mwalimu alimwambia, "Vumilia, mwanangu, ukishazoea mwendo wake utaacha kamusi," na kweli ndivyo ilivyokuwa kufikia katikati ya kitabu. Ninawashauri wasomaji wa magharibi na wa Bonde la Ufa wasikate tamaa mapema.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Bwana Msa akianza kueleza hapumziki. Maelezo ya mwisho ni marefu mno, na mengine yanarudia tuliyokwisha kuyaona. Sadfa ni nyingi, watu wanakutana mahali na wakati unaomfaa mwandishi, na Knox angempiga faini. Tena, ijapokuwa watu wadogo wanasikilizwa, matatizo yenyewe ni ya wenye mashamba na urithi, na hakuna anayeuliza mashamba hayo yalipatikanaje. Zanzibar ya kitabu hiki ni ya kabla ya mapinduzi ya mwaka 1964, na msomaji anayeijua tarehe hiyo atahisi kitu ambacho wahusika hawakihisi.

Ubishi mkali zaidi ulizuka kuhusu thamani ya ushahidi huu wote wa barazani. Karani alishikilia kwamba karibu kila alichokusanya Bwana Msa kingetupwa nje na hakimu, kwa kuwa ni maneno ya kusikia kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Akaenda mbali zaidi, akasema kwamba katika Kenya ya sasa hata ule mwisho unaopendwa na riwaya zote za aina hii, yaani mshukiwa kukiri mbele ya hadhara iliyokusanyika sebuleni, hauna maana mbele ya sheria, kwa sababu Sheria ya Ushahidi hukubali ukiri uliofanywa mahakamani, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwepo pia mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Poirot, yule mpelelezi wa Agatha Christie, angerudi nyumbani mikono mitupu. Sisi wengine tuliona kwamba riwaya haipelekwi kortini. Inapelekwa kwa msomaji, na msomaji ana haki ya kushawishika kwa uvumi mradi mwandishi ameonyesha uvumi ulikotoka. Tumebaki hivyo, yeye upande wake na sisi wetu, naye bado anakataa kuipa riwaya hii alama zaidi ya sita kwa kumi. Mimi naipa nane na nusu.

Petals of Blood ya mwaka 1977 inaanza kama riwaya ya polisi. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe cha Theng'eta, Chui, Kimeria na Mzigo, wameteketea katika moto mjini Ilmorog, na watu wanne wanachunguzwa: Munira aliye mwalimu, Abdulla aliyekuwa mpiganaji, Wanja, na Karega wa chama cha wafanyakazi. Inspekta Godfrey anatumwa kutafuta nani aliyewasha moto, naye ni mtu mwenye subira na anayeamini kwa dhati kwamba utulivu wa mali ndio utulivu wa nchi.

Anayenunua kitabu hiki kwa sababu ya ule mwanzo ajue kwamba atasubiri sana. Ngũgĩ anauacha moto ukiwaka ukurasani, anarudi nyuma miaka kumi na miwili na zaidi, anatutembeza katika ukame, katika safari ya wanakijiji kwenda mjini kumtafuta mbunge wao, katika kuzaliwa kwa mji mpya juu ya kijiji kilichokufa, na fumbo la nani aliyeua linafifia mpaka karibu lizimike. Muuguzi alikiweka chini mara kadhaa. Alipokimaliza, alisema jambo ambalo sikulifikiria: kwamba hiki ndicho kitabu pekee kati ya vitano ambamo mshukiwa mwenyewe amepewa kalamu, maana sehemu kubwa ya tunayoyajua yanapitia katika maandishi ya Munira akiwa rumande. Polisi walitaka taarifa fupi. Wakapewa maisha mazima. Hapo swali letu linageuzwa kichwa chini, kwa kuwa aliyeulizwa amejibu zaidi ya alichoulizwa, na Godfrey, akiwa na jibu sahihi la nani aliyewasha kiberiti, anafunga faili bila kuona kosa lililofanywa kwanza. Kama riwaya ya mauaji ninaiona haikutimiza ahadi niliyoitaja mwanzoni, na sidhani kama mwandishi alikusudia kuitimiza. Kama riwaya, bila kivumishi, inazizidi nyingine zote nne, na mwanafunzi wetu aliyeisoma kwa ajili ya mtihani akaichukia, ameisoma tena kwa hiari yake.

Nairobi Heat ya mwanawe Ngũgĩ, Mukoma, nitaipitia haraka, kwa kuwa yenyewe ina haraka. Mwanamke Mzungu amekutwa amekufa kwenye kibaraza cha nyumba ya profesa Mwafrika mjini Madison, Marekani, profesa huyo ni mtu anayesifiwa kwa kuokoa watu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anapigiwa simu ya kumwambia kwamba ukweli uko Nairobi. Anakuja, anaungana na mpelelezi wa Kenya aitwaye O, na kuanzia hapo risasi hazinyamazi. Wazo lake ni zuri: Mmarekani mweusi anayefika Afrika akidhani anarudi nyumbani, akakuta anaitwa mzungu. O ni mhusika wa kupendeza, mcheshi na wa kutisha kwa wakati mmoja, na mazungumzo yao wawili wakiwa njiani au wakiwa na bia mezani ndiyo sehemu bora ya kitabu. Lakini mashahidi hapa hawana muda. Wengi huingia, husema kipande kimoja cha siri, kisha hufa au huachwa nyuma. Msomaji hapewi nafasi ya kupambana na fumbo, anavutwa mkono tu. Kwa safari ya basi ya kutoka Nakuru hadi Kisumu kinatosha kabisa, na huenda ukakimaliza kabla ya Ahero.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumtia humu John Kiriamiti, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu maisha yake ya ujambazi kimesomwa na Wakenya wengi sana. Jibu ni kwamba pale hakuna fumbo. Mhalifu anajitambulisha kwenye jalada. Nacho kinapendwa kwa sababu nyingine, ambayo inastahili makala yake.

Kuhusu kuvipata: vile vya Kaye na Huxley hatukuviona katika maduka ya vitabu vipya mjini, tulivitoa katika vibanda vya vitabu vya mitumba, ambako bei hutegemea zaidi hali ya jalada na ustadi wako wa kupatana kuliko umaarufu wa mwandishi. Fungua kitabu mpaka kurasa za mwisho kabla ya kulipa, hasa cha Huxley, kwa maana nakala iliyong'olewa sura ya mwisho inakuwa haina tanbihi wala muuaji. Petals of Blood ni rahisi kupata, na maktaba ya umma ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyetaka kununua. Nakala yetu ya Mzimu wa Watu wa Kale ni ya zamani, herufi ni ndogo na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Aliye na chapa safi zaidi na awe radhi kuiazimisha.

Anayeanza kabisa kusoma riwaya za aina hii ningempa Huxley kwanza, ili ajue dalili hupandwaje, kisha Abdulla, ambaye atamwonyesha kwamba dalili inaweza kuwa salamu. Kaye afuate, asomwe usiku. Na kwa mnunuzi wa mitumba kuna tahadhari moja ya mwisho: riwaya hii ya Kaye ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1958 iliitwa Later Than You Think, na jina la Death in Kenya lilikuja na toleo jipya la mwaka 1983, kwa hiyo ukiyakuta majalada hayo mawili kibandani, nunua moja tu.